Mwalimu wa Uraia Mbele ya Wakwe Zake

Mwalimu wa Uraia alitufundisha uhuru wa kutoa maoni akiwa na fimbo kwapani. Hilo naliweka mbele kabisa, kwa sababu siku hizi watu wa kijiji chetu cha Ringwani wanamsimulia kana kwamba alikuwa malaika aliyeshuka na chaki. Hakuwa malaika. Alikuwa mkali, mbishi kupindukia, mtu wa kinyongo, na chai yake aliinywa peke yake ofisini huku mlango umefungwa. Mimi nilimwogopa miaka yote niliyokaa darasani kwake, nikaja kumpenda baadaye, taratibu, kama mtu anavyoanza kupenda mboga chungu akishakuwa mkubwa.

"Nani ana maoni tofauti?" alikuwa akiuliza, na fimbo inahama kutoka kwapani kuja mkononi. Sisi tunatazama madawati. "Hakuna? Basi wote mna akili moja. Hata ng'ombe wa zizi moja hawakubaliani hivyo." Ilituchukua karibu nusu mwaka kugundua kwamba hajawahi kumchapa mtu kwa maoni. Alichapa kwa kuchelewa, kwa kucha chafu na kwa kuandika bila kupiga mstari wa pembeni. Maoni aliyasikiliza mpaka mwisho, hata yale ya kipuuzi, amesimama kimya na shingo ameipinda kidogo upande wa sikio lililokuwa linasikia vizuri.

Alikuwa na swali lake ambalo mpaka leo vijana wa senta, pale penye maduka, wanalitania. Mtu akilalamika, yeye anamkazia macho na kumuuliza, "Hilo ni swali au ni manung'uniko?" Kwake manung'uniko ni maneno yasiyo na mtu wa kuyajibu. Swali lina mwenyewe. Siku moja mwenzetu mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba uji wa shule umekuwa maji matupu. Mwalimu alimsimamisha, akamuuliza lile la kila siku, kijana akaganda. Alimwacha amesimama hivyo hivyo mpaka akapata namna ya kusema, "Nani anapima unga wa uji?" "Sawa," Mwalimu akasema, "sasa nenda kamuulize mwalimu mkuu, mimi siye ninayepima." Kijana alikwenda. Uji ukawa mzito wiki nzima, halafu ukarudi kuwa maji. Tulipomwambia, hakushangaa hata kidogo. "Ulizeni tena," alisema, akaendelea kuandika ubaoni.

Hakuna mtu aliyewahi kujua anapigia kura chama gani, na watu walijaribu sana kujua. Msimu wa kampeni ulipofika, wake kwa waume walimpima kwa nguo. Yeye alikuwa na magauni ya kahawia na ya zambarau kwa ajili ya msimu huo tu, rangi ambazo hakuna chama kilichozitaka. Fulana za kampeni alizipokea zote, kwa wote, anashukuru kwa mikono miwili, kisha anazikata vipande na kushona vifutio vya ubao. Tulifuta ubao kwa nyuso za wagombea wa kila upande bila ubaguzi. Baba yangu aliapa kwamba Mwalimu ni wa upande wake, na jirani yetu naye aliapa hivyo hivyo, na mara moja walikaribia kushikana mashati kwa jambo hilo. Mwenyewe alipoulizwa alionyesha kidole chenye wino. "Hiki ndicho cha kuonyesha," alisema. "Yaliyobaki ni yangu."

Nilipokuwa najifunza kuchomelea vyuma mjini Mugumu, karakana yetu ilikuwa ubavuni mwa duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja Mwislamu, mtu ambaye babu yake alitoka Pwani ila yeye ni mzaliwa wa hapa hapa. Mwalimu akija mjini lazima apite pale kununua misumari au bawaba, na akishalipa anahamia kwetu.

"Umehamisha taarifa zako za kupigia kura, au bado wewe ni wa Ringwani?"

"Bado wa Ringwani, Mwalimu. Nitarudi."

"Utarudi lini? Siku ya kura?"

"Mwalimu," mzee wa duka alimwita kutoka ndani, "muache mtoto achome mageti. Kura haina haraka."

"Geti likipinda mtu analirudisha dukani siku hiyo hiyo. Kiongozi akipinda unangoja miaka mitano. Kipi kina haraka, sheikh?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Walipendana wale wawili kwa ubishi tu. Kila mmoja alimuulizia mwenzake asipomwona.

Asili yake ilikuwa Nyarero, kule Tarime vijijini, na ndugu zake wengine wako ng'ambo ya mpaka. Mpwa wake mmoja alikuwa akija likizo kutoka Kenya, kijana mwenye maneno mengi, anatukalisha senta na kutuambia, "Nyinyi huku hamjui siasa, wasee. Sisi huko tukikasirika, serikali inashtuka." Mwalimu alimsikiliza siku mbili bila kusema neno. Siku ya tatu akamuuliza mbele yetu anayesimamia maji ya mtaa wao anaitwa nani. Kijana hakumjua. Akatugeukia sisi, akatuuliza hilo hilo, nasi hatukumjua wa kwetu. Alitukoromea wote kwa pamoja, Mkenya na Watanzania, na ule ubishi wa mpaka ukaishia pale.

Uchaguzi wa viranja aliusimamia yeye, kwa kura ya siri, na sanduku lake la boksi la sabuni. Mwaka wa kwanza alipata aibu. Kila ukoo ulipigia wa kwao. Hatukuambiana, hatukukaa kikao, ilikuwa ndani yetu tu kama kupumua: wenye watu wengi darasani wakashinda, na msichana mmoja hodari kuliko wote, wa ukoo wenye watoto wachache, akapata kura yake na ya rafiki yake. Mwalimu alisoma matokeo kwa sauti kavu, akatupa boksi pembeni, akatoka nje. Tulimwona dirishani amesimama akiangalia mashamba. Mwaka uliofuata alikuja na sheria mpya: mgombea haruhusiwi kujinadi, anamnadi mpinzani wake. Ukitaka kura, simama ueleze kwa nini mwenzako anafaa, na ukidanganya au ukimsifia kwa kejeli unaondolewa.

Ilikuwa vurugu tamu. Chacha, kijana mmoja mnene mwenye sauti, alimnadi mpinzani wake vizuri mno mpaka akashindwa, akakaa siku kadhaa akilaumu kwamba Mwalimu amemtega. Lakini ajabu ni kwamba, ili umsifie mtu, ilibidi kwanza uende ukamjue. Watoto wa koo zisizosalimiana walionekana wamekaa pamoja mapumziko, mmoja anamhoji mwenzake anajua nini, anapenda nini, kwao ni wapi. Yule msichana wa ukoo mdogo akawa kiranja mkuu. Sisemi kwamba ukoo uliisha Ringwani, maana mwaka huo huo wazee wetu walifukuzana kwa ajili ya malisho. Nasema tu kwamba mle darasani palikuwa na hewa nyingine, na mimi naikumbuka ile hewa kuliko masomo.

Mara moja alitupeleka Manchira kuangalia bwawa. Tulipanda trekta la mtu, tumejazana na vyakula vyetu kwenye mifuko. Alitupanga ukingoni akauliza, "Maji haya ni ya nani?" Mmoja akasema ya Serikali. Mwingine akasema ya watu wa Mugumu, ndio wanaoyanywa. Binti mmoja wa walokole akasema ya Mungu. Mwalimu alitikisa kichwa kwa kila jibu, wala hatukujua anakubali au anakataa, kisha akaruhusu tule. Tulimngoja atoe jibu njiani, tukamngoja kesho yake darasani. Hakulitoa kamwe. Nilipokuwa mtu mzima nilimkumbusha, akaniambia kwamba hata yeye alikuwa anauliza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wa nje hawalielewi wakisikia habari zake. Mwanamke huyu aliyefungua midomo ya kijiji kizima hakuwahi kufungua wa kwake kwenye mkutano wa kijiji. Alihudhuria mikutano yote. Alikaa upande wa akina mama, juu ya kanga, amenyoosha mgongo. Hakusema.

Kwetu, mwanamke akiolewa hapati baba mkwe mmoja. Anapata rika zima. Wanaume wote waliotahiriwa msimu mmoja na baba wa mume wake ni baba zake wakwe, na mkwe hasimami mbele yao akapaza sauti, hawakazii macho, akikutana nao njiani anawapisha kwa kuingia majanini. Mwalimu alikuja Ringwani kama bibi harusi kabla hajawa mwalimu wetu. Rika la baba mkwe wake ndilo lililokuwa linashika kijiji wakati huo. Mkutano ukiitishwa, benchi lote la mbele lilikuwa wakwe zake. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari, na hata akiwa nyumbani hakuwa mtu wa mikutano.

Darasani alikuwa simba. Mzee mmoja wa benchi lile akitokea getini mwa shule, hata kama amekuja kuulizia mbuzi aliyepotea, simba anatafuta pa kupita nyuma ya vyoo. Sisi watoto tulicheka. Tuliona ni mchezo wa watu wazima.

Halafu likaja suala la hosteli. Sekondari ya kata ilikuwa mbali, na wasichana wa upande wetu walikuwa wanapanga vyumba huko huko karibu na shule, watatu wanne kwenye chumba kimoja, wanajipikia, hakuna mtu mzima wa kuwaangalia. Dada yangu Bhoke, anayenifuata mimi, alikuwa mmoja wao, kidato cha pili, mwenye akili za hesabu kuliko mtu yeyote nyumbani kwetu. Kijiji kilikuwa kimechanga nguvu: matofali yamefyatuliwa, mawe yamesombwa. Mkutano mkuu uliitwa kuamua yajenge nini. Mwalimu alitaka kijiji chetu kijenge hosteli ya wasichana kule sekondari. Hilo tulilijua sote, alilisema kwenye kila nyumba iliyomkaribisha, kwa kila mama aliyekwenda kisimani. Wazee walitaka josho la kuogeshea ng'ombe.

Nisiwaonee wazee. Kupe walikuwa wanamaliza mifugo mwaka ule, na mtu aliyepoteza ng'ombe kwetu amepoteza mahari, ada na heshima kwa mpigo. Josho lilikuwa hoja. Tatizo ni kwamba lilikuwa hoja peke yake, kwa sababu wenye hoja nyingine hawakuwa na mdomo. Sisi vijana tulisimama nyuma tumeegemea baiskeli. Mwita, rafiki yangu, ndiye aliyenyoosha mkono akataja hosteli.

"Wewe umeoa?" mzee mmoja alimuuliza bila kugeuka.

"Bado, mzee."

"Basi hosteli ya nini? Unatafuta kwa kuchumbia?"

Uwanja ulicheka. Mwita akacheka pia, akashusha mkono. Mwenyekiti akageukia akina mama. "Mama zetu, mna neno?" Nilimwona Mwalimu anainuka. Nakumbuka alivyokusanya kanga, goti moja limeshatoka chini, mkono umeshika bega la aliyekaa mbele yake. Benchi la mbele lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Baba mkwe wake mwenyewe alikuwa wa pili kutoka kulia, na alikuwa mzee mpole, hakumtazama, alitazama chini kama inavyotakiwa. Mwalimu akaketi tena. Mwenyekiti akasema akina mama wameridhika, josho likapita.

Josho lilijengwa, na ng'ombe walipona, sikatai. Kabla ya mwaka kuisha Bhoke alirudi nyumbani na mimba. Wenzake wawili wa chumba kile walifuata. Aliolewa upande wa Sirari, mpakani, akaanza biashara ya nguo za mitumba, na hesabu zake zote zikaishia kwenye marobota. Mama yangu hakusema lolote kwa Mwalimu, na Mwalimu hakusema lolote kwa mama yangu, ila tangu hapo Mwalimu alipokuja kwetu hakukaa, alizungumza akiwa amesimama mlangoni.

Nilipomaliza kujifunza kazi nikarudi Ringwani, nikafungua karakana yangu senta. Siku moja alileta mguu wa kitanda uliovunjika, na nikiwa nauunga nilimuuliza kwa nini hakusema siku ile. Sikutaka kumuumiza, nilitaka kujua.

"Ningesimama, wasingesikia hosteli," alisema. "Wangesikia mke wa fulani amesimama mbele ya baba zake wakwe. Wangeondoka na hilo, hosteli ingebaki pale pale."

Ilikuwa na maana.

"Hiyo ndiyo sababu ninayowaambia watu," akaongeza. "Nyingine ni kwamba miguu ilikataa."

Baada ya kustaafu aliwahamia vijana. Bodaboda walikuwa wamejaa senta, na kijiwe chao kilikuwa bunge la baada ya mkutano: kila uamuzi wa kijiji ulichambuliwa pale, ukapondwa, ukatukanwa, siku moja baada ya kupitishwa. Mwalimu hilo lilimtoa mapovu. Alikuwa akikodi pikipiki kwenda mahali ambapo angeweza kutembea, na njia nzima anamhoji dereva: mkutano ni lini, ajenda ni nini, wewe umejiandaa kusema nini. Chacha, yule yule mnene aliyeshindwa ukiranja, sasa dereva, alikuwa anasema Mwalimu anapanda boda ili apate mwanafunzi asiyeweza kutoroka.

"Mkutano wa saa nne unaanza saa sita," aliwaambia kijiweni, "nyie mnafika saa nane, mnakuta watu wanakung'uta nguo. Halafu mnakuja hapa kunung'unika. Mnamnung'unikia nani? Mafuta ya pikipiki?"

"Mwalimu, si wazee wanakuwa wameshakubaliana kwao?"

"Kwao wakubaliane. Ila muhuri hauko kwao, uko kwenye mkutano. Mkiwepo wengi, wenye miaka kumi na nane na zaidi, kila mkono ni mkono. Wa aliyeoa na wa asiyeoa."

Aliwatuma kwa mtendaji wa kijiji kuomba ajenda zibandikwe mapema. Mtendaji akawazungusha. Wakarudi. Wakazungushwa. Wakarudi wakiwa wengi zaidi, kwa adabu, shikamoo kwa kila aliyekuwemo ofisini, wakakaa kwenye ngazi mpaka zikabandikwa. Taratibu pikipiki zikaanza kuonekana zimepaki mbali na uwanja, na wenyewe wamekaa chini, mbele. Wasichana wakaanza kuja na wadogo zao mgongoni. Watu wakasema wanaongea maneno ya Mwalimu, na hilo ndilo lililomkasirisha kuliko tusi lolote. "Maneno ni yao," alisema. "Mimi nimewafundisha kunyoosha mkono tu."

Yeye aliendelea kukaa kwenye kanga yake, kimya. Rika la wakwe lilikuwa linapungua mwaka hadi mwaka. Baba mkwe wake alikufa, wenzake wakafuata, mpaka akabaki mmoja, kipofu, anayeletwa mkutanoni kwa kushikwa mkono. Hata mbele ya yule asiyeona Mwalimu hakusimama. Kila wiki alimpelekea maziwa kwa mkono wa mtoto, na mzee naye alimtumia baraka kwa mkono wa mtoto huyo huyo. Alipofariki, mvua za masika zilizopita, Mwalimu alilia kilio cha kweli kabisa, mpaka wengine wakashangaa.

Mkutano uliofuata ulikuwa wa kiangazi hiki. Kijiji kilikuwa na matofali tena, na suala lilikuwa lile lile la wasichana na sekondari. Mwalimu sasa ana miaka mingi, anatembea na mkongojo, na mwenyekiti ni mwanafunzi wake wa zamani. Alimwekea kiti cha plastiki mbele, pale pale palipokuwa na benchi. Ajenda ilipofika, mwenyekiti hakuuliza akina mama kwa ujumla. Alisema, "Mwalimu, karibu."

Akasimama. Sidhani kama kulikuwa na mtu uwanjani asiyejua maana yake. Hata watoto walitulizwa. Sauti iliyokuwa inatikisa madirisha ya darasa letu ilitoka ndogo, ina mikwaruzo, ikabidi wa nyuma wasogee. Alisema hosteli. Alisema watoto wanaopanga vyumba ni watoto wetu, si wapangaji. Alisema matofali yetu yakalale kule wanakolala wao. Hakusema mengi. Alipokaa, makofi yalivuma, na mimi macho yalinilowa, nikaona hosteli hii hapa, imepatikana.

Ghati akanyoosha mkono. Ni binti anayeuza dagaa senta, alisoma kwa Mwalimu miaka ya mwisho kabla hajastaafu, sasa ana mtoto mgongoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, mimi nakuheshimu, wewe ndiye umenifundisha. Lakini sikubaliani na wewe."

"We binti, kaa chini!" mtu alipaza sauti.

"Mwacheni amalize," Mwalimu alisema.

"Mimi nimekaa vile vyumba. Hosteli isiyo na uzio na mlezi ni chumba kile kile, vitanda tu vimeongezeka. Kujenga tunaweza. Nauliza, nani atalala nao? Nani atamlipa mlezi, mwaka hadi mwaka? Mimi naona matofali haya yaanze madarasa ya sekondari hapa hapa kwetu. Serikali imeshasema tukifikisha kuta kwenye lenta inamalizia. Watoto watoke shule, walale kwa mama zao."

Wote tulimtazama Mwalimu. Alifikiri, shingo imepinda upande wa sikio lake zuri.

"Sina jibu la swali lako," alisema.

Tukapiga kura ya mikono. Mikono ya Ghati ilijaa uwanja. Ya Mwalimu ilikuwa michache, ya wazee na ya watu wenye haya. Mkono wangu ulikuwa wa Ghati. Niliunyoosha nikiwa namtazama Mwalimu, na uliniuma, lakini binti alikuwa na haki.

Nilimsindikiza nyumbani. Alikwenda polepole, anapumzika kila baada ya mwendo mfupi, na watu waliotupita walimsalimia kwa sauti ya kufariji kama wanaopita msibani.

"Pole, Mwalimu," nilisema hatimaye na mimi.

"Ya nini? Wewe umenyoosha wapi?"

"Kwa Ghati."

"Vizuri. Ana hoja." Akacheka kidogo. "Umeona alivyonikatalia? Mbele ya watu wote? Na mtoto mgongoni!" Alikuwa na furaha, naapa, furaha ya wazi usoni, na nilianza kufurahi naye. Tulipofika kwake alishika nguzo ya mlango, na ile furaha ikaondoka yote.

"Wa sasa wamejisemea wenyewe, mura, kijana wangu," alisema. "Hawanihitaji. Ile hosteli nilikuwa bado naiombea wale wa mwaka wa josho. Wale hawakuwa na mtu wa kuwasemea, na mimi nilikuwa pale pale nimekaa." Akatazama mkongojo wake. "Ukiongea na Bhoke, mwambie leo nimesimama."

Nilimpigia Bhoke jioni ile ile. Alikuwa anafunga kibanda chake, nasikia mabati yanagongana na watu wa Sirari wanapigiana kelele. Nilimweleza yote: kiti cha plastiki, sauti ilivyokuwa ndogo, Ghati, mikono ilivyojaa. Nikampa salamu kama nilivyopewa.

Mabati yakaacha kugongana.

"Siku ile ya josho nilikuwepo," alisema. "Ilikuwa likizo, nilikaa nyuma ya mama. Niliona goti lake linainuka." Nikasikia kufuli likibanwa. "Nilikuwa namwangalia yeye tu."